Mkuyu, bundi na mistari 6 ya alizeti: jibu kwa mama wa Inyala

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nalima Inyala, ukitoka Mbeya mjini kwenda Chimala. Tuna ekari tatu na nusu: mahindi, maharage, alizeti robo tatu ya ekari, na miparachichi 22 ya Hass iliyoanza kuzaa. Mpakani upande wa chini kuna mkuyu mkubwa na safu ya migrevilea aliyoipanda marehemu baba mkwe. Mwaka huu ndege walitua kwenye miti hiyo wakatushambulia mistari 6 ya alizeti. Ndani ya tundu la mkuyu kuna nyuki, na mwezi uliopita walimuuma mbuzi wetu mmoja aliyefungwa kamba akafa. Juu ya banda la mahindi analala bundi, watoto wanaogopa kutoka nje usiku. Mume wangu na jirani wanataka tukate miti yote, tuwachome nyuki na tumfukuze bundi. Mwenye duka la pembejeo naye ameniambia nipige dawa ya wadudu kila baada ya siku 7, tangu maharage yanapoota mpaka yanapovunwa. Hivi hawa ndege na wadudu wa porini wana faida yoyote shambani, au ni hasara tupu?

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa mbuzi.

Nianze na la haraka. Msikate mti wowote msimu huu, nyuki msiwachome, na hiyo dawa ya kila siku 7 achaneni nayo. Bundi ndiye wa kuachwa kabla ya wote. Najua jibu hili likikaa peke yake halitamridhisha baba watoto, na ana haki yake: alizeti imeliwa kweli, mbuzi amekufa kweli. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo, na sitamficha pale ambapo yeye ndiye mwenye hoja.

Umeuliza kama viumbe hawa ni faida au hasara. Mimi nimezunguka na pikipiki ya ugani kati ya Mbozi, Mbarali na Iringa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hilo nililijibu vibaya kwa muda mrefu. Nilikuwa nawapanga: huyu rafiki, huyu adui. Siku hizi ninauliza jambo jingine: ni wiki gani, na zao liko katika hatua ipi?

Chukua hao mnana wenu, wale wadogo wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia. Mwezi wa 5 na wa 6 ni wezi wa alizeti, hilo halina ubishi. Lakini mnana hutaga wakati wa mvua, na makinda yake hayawezi kusaga punje ngumu. Mama na baba wanayalisha wadudu: viwavi, panzi wachanga, buibui. Simama chini ya viota mwezi wa 1, asubuhi kama saa moja na nusu, mtazame ndege mmoja tu kwa dakika kumi. Utamwona anaingia na kitu cha kijani mdomoni, anatoka, anarudi na kingine. Kile cha kijani, mara nyingi, kimetoka kwenye mahindi yako au ya jirani. Tatizo ni kwamba anapokula alizeti unamwona na unamtukana, ila kiwavi alichokula Januari hukioni, na hindi lililosalimika halina alama yoyote ya kukuambia limesalimika kwa nini.

Sasa tuhesabu hasara yenyewe, maana neno "wametumaliza" nimelisikia kila kijiji na mara chache sana huwa linalingana na gunia. Robo tatu ya ekari ni kama mita za mraba 3,000. Tuseme shamba la alizeti lina urefu wa mita 60 na upana wa mita 50, na umepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Hiyo ni mistari kama 66. Iliyoshambuliwa ni 6. Je, ndege walikula kila punje kwenye mistari hiyo? Kwa kawaida hapana, wanakula nusu kichwa wanahama. Tukisema nusu, mmepoteza sawa na mistari 3 kati ya 66, chini ya asilimia 5. Inauma, sikatai. Lakini ukumbuke pia kwamba mistari iliyo karibu na migrevilea ingetoa vichwa vidogo hata bila ndege, kwa sababu ya kivuli na mizizi. Msimu ujao usikadirie kwa macho. Chukua vichwa 100 vya pembeni na vichwa 100 vya katikati, hesabu vilivyoliwa, andika kwenye daftari la mtoto wa shule. Ikitokea asilimia 20 ya shamba zima imeliwa, nitabadilisha ushauri wangu.

Na hasara hiyo ndogo inaweza kupunguzwa bila shoka wala sumu. Ndege wa aina hii hawapendi kwenda mbali na mti. Anakaa kwenye tawi, anaangalia kama kuna mwewe, anashuka, anakula, anarudi. Ndiyo maana imeliwa mistari ya pembeni. Basi usiweke alizeti hapo. Weka maharage au viazi mviringo kwenye vipande vilivyo jirani na miti, alizeti ipande juu, mbali. Mnana hana habari na viazi.

Jambo la pili, na hili ndilo ninaloliona likipoteza alizeti nyingi Mbeya na Iringa kuliko ukaidi wa ndege: watu wanachelewa kuvuna. Geuza kichwa cha alizeti utazame mgongo wake. Ukiwa kijani, bado. Ukishakuwa wa njano na yale majani madogo ya ukingoni yameanza kuwa kahawia, punje zimeshajaa, kinachobaki ni kukauka tu. Hapo kata, vianike kwenye turubai nyumbani ambako kuna mtu wa kuangalia. Wengi wanaviacha vikauke vikiwa vimesimama shambani wiki tatu, nne, halafu wanalalamika kwamba kuna wageni mezani. Wiki hizo chache ndizo za kuamia, yaani kulinda zao lisiliwe na ndege, mama. Wazee wetu walijua neno hilo na kazi yake: dungu, mtoto mwenye teo, kelele asubuhi na jioni. Waliamia kwa majuma yanayohusika tu, hawakukata pori zima. Kanda za kaseti za zamani zilizovutwa kati ya miti miwili zinafanya kazi pia, zinavuma na kumeremeta kwa upepo, lakini zihamishe kila baada ya siku chache. Ndege si mjinga. Kitisho kinachokaa sehemu moja kwa juma zima anakigeuza kuwa kiti.

Tena, mpande wakati mmoja na majirani. Shamba moja linaloiva peke yake, liwe limewahi au limechelewa, linalisha ndege wa kijiji kizima.

Upande wa kupanda, wezi ni wengine: kwale na kunguru wanaofukua mbegu za mahindi, na huko mabondeni korongo wenye taji. Fukia mbegu sentimita tano, usiache zilizotapakaa juu ya udongo (mbegu zilizopakwa dawa zinaua ndege anayeziokota, na kuku wako pia), linda wiki mbili za mwanzo. Yamekwisha.

Sasa nyuki, na hapa naomba unisikilize taratibu kwa sababu alizeti, maparachichi na maharage yenu yote yanahusika.

Kichwa cha alizeti si ua moja, ni mamia ya maua madogo yaliyobanana. Yanafunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, duara baada ya duara, kwa muda wa kama juma moja na zaidi. Kila kiua kinatoa kwanza chavua, kisha baadaye ndipo sehemu ya kike inakuwa tayari kupokea. Bila mdudu wa kuhamisha chavua, punje nyingi zinabaki mapepe, hasa kwenye mbegu za kawaida kama Record. Mbegu chotara zinajitegemea zaidi, lakini nazo hunufaika. Chukua kichwa kimoja ulichovuna mwaka huu, kibanje katikati kwa ukucha. Ganda likibonyea na ndani hakuna kitu, hiyo ni hasara ambayo hakuna ndege aliyeileta. Mapepe kidogo ya katikati ni kawaida. Mapepe mpaka nusu ya kichwa yanaweza kutokana na ukame au njaa ya udongo, ila mara nyingi yanaonyesha kwamba nyuki hawakufika, na mkulima huwa hajui kwa sababu kichwa kwa nje ni kikubwa na kizuri.

Miparachichi ni hadithi ya ajabu zaidi. Ua la parachichi linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza linafunguka likiwa jike, linafunga, kisha kesho yake linafunguka tena likiwa dume. Kwa Hass, ujike ni asubuhi ya siku ya kwanza, udume ni mchana wa siku ya pili. Kwa Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo sababu wataalamu wa Rungwe na Njombe wanakuambia uchanganye miti michache ya Fuerte katikati ya Hass. Lakini hata ukichanganya, chavua ya parachichi inanata, upepo hauiwezi. Lazima mdudu aguse ua hili asubuhi na lile jingine. Baridi yetu ya nyanda za juu huchelewesha ratiba hiyo, kwa hiyo usishangae kuona maua ya kike yakifunguka mchana. Mti mmoja unatoa maua maelfu kwa maelfu, na hata kwenye shamba zuri yanayogeuka matunda ni chini ya moja katika kila mia. Yaani mti unacheza bahati nasibu, na nyuki ndio wanaoununulia tiketi. Siku miti yako ikichanua, simama chini ya mmoja saa nne asubuhi. Usiposikia mvumo, anza kuwa na wasiwasi. Miti yako 22 ipo hatua chache kutoka kwenye kundi la nyuki ambalo hukulilipia hata senti, na hapo hapo mnataka kulichoma.

Maharage yanajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo nyuki kwake ni nyongeza tu.

Lakini nyuki waliomuua mbuzi hawawezi kubaki walipo, hapo baba watoto ana hoja. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wakihisi kiota kimetikiswa, na mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Aliuawa na kamba sawasawa na alivyouawa na nyuki. Mtafute mfuga nyuki aliye karibu nanyi, aje usiku na moshi na vifaa vyake, awahamishie kwenye mzinga. Ukae upande wa pili wa miparachichi, mbali na nyumba, njia na malisho, nyuma ya ua wa miti ili wanapotoka warukie juu, si usawa wa vichwa vya watu. Wengi wa wafugaji hao watafurahi kuwachukua bila malipo, na wengine watakubali kuacha mzinga shambani kwenu mkagawana asali. Msijaribu wenyewe na tairi linalowaka. Mkivamiwa, kimbieni mbali na mwingie ndani, msipige mikono hewani, na miiba ikwanguliwe haraka kwa ukucha. Mtu akivimba mdomo au koo, au akianza kuhema kwa shida, ni kituo cha afya dakika hiyo hiyo, si kesho.

Hii inanileta kwenye dawa ya kila siku 7. Simlaumu sana mwenye duka, anauza chupa. Ila ratiba ya kupiga dawa kwa kalenda, bila kuangalia shamba, ni kumlipa mtu awafukuze vibarua wako.

Nenda kwenye maharage yako sasa hivi kama bado una kipande kibichi. Tafuta jani lenye vidukari, wale weusi wadogo wanaojazana kwenye vikonyo. Usitazame kundi zima, inamisha kichwa, tazama mmoja mmoja. Utaona baadhi hawatembei. Wamevimba, wamekuwa rangi ya kahawia, wakavu kama punje ya uwele. Ukiwa na bahati utaona kwenye mgongo wa mmoja wao kitobo cha duara, kisafi, kama kimetobolewa kwa sindano ya moto. Kidukari huyo alidungwa yai na nyigu mdogo kuliko herufi hizi unazosoma. Yai likaanguliwa ndani, funza akamla kidukari kuanzia tumboni, na nyigu mpya akatoka kwa kitobo hicho. Kando yake pengine utamwona yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na watoto wake wanaofanana na vimamba vidogo. Wote hao wako kazini.

Ukipiga dawa, wanakufa vidukari, nyigu na mdudu wa madoa kwa pamoja. Nani anarudi kwanza? Kidukari. Jike halihitaji dume, linazaa watoto hai badala ya mayai, na mtoto anakuwa mzazi kwa muda wa kama juma moja. Nyigu anarudi nyuma, maana ni lazima asubiri chakula chake kiongezeke. Katikati hapo, wiki ya pili au ya tatu, shamba linajaa vidukari kuliko mwanzo, na wewe unasema dawa haina nguvu, unaongeza kipimo. Wakulima wa nyanya wa Ilula wanaijua njia hii vizuri. Kantangaze, kiwavi wa nyanya, alipoingia nchini mwaka 2014, watu walipiga dawa mfululizo, wakachanganya mbili tatu kwenye bomba moja, na kantangaze akaendelea kula ndani ya jani ambako dawa nyingi hazimfikii, huku wadudu wanaomla wakiwa wameshakwisha.

Basi badala ya kalenda, tumia miguu. Mara mbili kwa wiki pita shambani kwa mwendo wa zigizaga. Kwenye mahindi kagua mimea 100, angalia kwenye kikonyo cha katikati kama kuna viwavijeshi vamizi, wale waliofika Tanzania mwaka 2017, wenye alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Mahindi yakiwa machanga, chini ya mimea 20 kati ya 100 mimi sihangaiki na dawa. Naponda mayai kwa vidole, natia mchanga au majivu kidogo kwenye kikonyo, sisimizi na nyigu wanamalizia. Ikizidi hapo, piga, kwa dawa iliyosajiliwa na kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Lakini piga jioni, jua likishakaribia kuzama na nyuki wamerudi nyumbani, na usipige kabisa zao likiwa na maua.

Kuhusu maua nina kisa changu cha aibu. Kule Uyole nilikuwa na mipasheni kumi na miwili imepanda kwenye waya nyuma ya nyumba. Paa la jiko langu lilikuwa linatobolewa na wale nyuki wakubwa weusi wanaovuma kama pikipiki, wanaochimba mashimo ya duara kwenye mbao. Nikakasirika. Nikaziba mashimo kwa pamba yenye dawa, na siku hiyo hiyo saa tano asubuhi nikapulizia na mipasheni kwa sababu ilikuwa na vithiripi, wale wadudu wadogo sana. Nikaona nimemaliza kazi mbili kwa bomba moja. Maua yaliendelea kuchanua wiki zilizofuata, mazuri, meupe na zambarau, yakawa yanadondoka. Nikatia mbolea. Yakadondoka. Jirani yangu, mama mmoja mzee wa Kisafwa ambaye hakuwahi kuhudhuria semina yangu hata moja, ndiye aliyeniuliza, "Wale weusi wako wa jikoni wamehamia wapi?" Chavua ya pasheni ni nzito na imekaa juu kwenye ua, nyuki mdogo anapita chini anaiba asali bila kuigusa. Anayeifikia kwa mgongo wake ni yule mkubwa mweusi. Nilikuwa nimewaua wachavushaji wangu ili kuokoa boriti mbili, na msimu ule nilivuna ndoo moja. Sasa nimewatundikia magogo makavu ya mlonge na mianzi upande wa pili wa bustani, boriti nimezipaka oili chafu. Tunaishi.

Tuje kwa bundi. Najua habari za bundi, mama, nimekulia huku huku. Akilia juu ya nyumba, watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Sitaki kubishana na mila za mtu, nitakuambia tu nilichokiona.

Bundi anayelala kwenye mabanda ya nafaka kwa kawaida ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Halii "hu hu" kama wengine, yeye anakoroma na kupiga yowe la kukwaruza, ndiyo maana anatisha zaidi. Chini ya mahali anapolala utakuta vidonge vyeusi vinavyong'aa, vikubwa kama kidole gumba. Si kinyesi. Bundi anameza panya mzima, nyama inayeyuka, manyoya na mifupa anavitapika vikiwa vimeviringwa. Kiokote kimoja kwa kijiti, kitie kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kiache robo saa, kisha kitenganishe taratibu. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya wanakijiji ndani ya ghala moja bovu huko Ismani. Kilitoka fuvu la panya, meno yake ya mbele bado ya rangi ya chungwa, likafuata la pili, likafuata la tatu. Kidonge kimoja. Mzee aliyekuwa ameshika rungu aliliweka chini akaomba bakuli ajaribu mwenyewe. Wafanyie watoto wako zoezi hilo mchana, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Jozi moja ya bundi hawa wakiwa na makinda inaweza kumaliza panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Na panya shamba wetu jike anazaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, akibeba mimba kwa kama wiki tatu tu. Huyo ndiye anayefukua mahindi yako usiku mara baada ya kupanda, halafu asubuhi analaumiwa kwale. Siwezi kukudanganya kwamba bundi atazuia mlipuko wa panya ukitokea mwaka mbaya. Panya wakifurika hakuna bundi anayewaweza, inabidi mitego, usafi wa mipaka na kijiji kizima kufanya kazi pamoja. Ila miaka ya kawaida ni mlinzi asiyelala na asiyedai mshahara. Kama mnaweka sumu ya panya bandani, iacheni, kwa maana panya mwenye sumu ni bundi aliyekufa wiki ijayo.

Nimesema sitaficha pale penye hasara kubwa, na siwezi kuzungumza ndege wa Mbeya nikawaruka kwelea kwelea. Shuka kutoka kwenu mpaka Ubaruku, kwenye mpunga wa Usangu, utaelewa kwa nini mkulima wa huko akisikia mtu anasifu ndege anamtazama kama kichaa. Kwelea mmoja ni mwepesi, kama gramu 20 hivi, na anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Lakini wanakuja kwa makundi ya milioni. Milioni moja ni tani 10 kwa siku, magunia 100 ya kilo 100. Hapo kina mama na watoto wanakaa dunguni tangu alfajiri mpaka jua linazama, shule inasubiri. Huko serikali inaleta ndege au droni kupulizia sumu aina ya fenthioni kwenye malalo yao jioni, na siilaumu. Tatizo la sumu hiyo ni kwamba haichagui, mwewe na bundi wanaowala waliokufa wanakufa nao, na binadamu anayeokota kwelea waliopuliziwa akawakaanga anajitafutia makubwa. Ukikuta kwelea wanauzwa barabarani wiki ya upuliziaji, pita.

Hao si ndege wenu wa Inyala. Msichukue hasira ya Ubaruku mkaimalizia kwenye mkuyu wenu.

Na huo mkuyu na migrevilea. Kule Kilimanjaro watafiti waliwahi kuyafunika matawi ya mikahawa kwa nyavu, mengine yasifikiwe na ndege na popo, mengine yasifikiwe na nyuki, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Pale ndege na popo walipofika, kahawa iliyoshika kuwa matunda iliongezeka kwa karibu asilimia 9. Pale wachavushaji walipofika, uzito wa tunda ukaongezeka kwa zaidi ya asilimia 7. Faida ya mmoja haikuichukua nafasi ya mwenzake, zilijumlishana. Kahawa si mahindi, sikuambii uchukue tarakimu hizo ukaziweka Inyala. Ila ukubwa wake ulinganishe na ile chini ya asilimia 5 tuliyoipata kwenye alizeti yako.

Migrevilea inachanua maua ya dhahabu yenye asali tele, nyuki wanaihitaji mashamba yakiwa makavu. Ipogoe. Kata matawi ya chini mpaka urefu wa mtu na nusu, kuni utapata, kivuli kitapungua, na ndege watakosa ngazi ya kushukia kwenye mazao. Chimba na mtaro mwembamba wa nusu mita upande wa shamba kukata mizizi ya juu. Ikiwa bado inawakera, toeni mti mmoja katika kila mitatu, mbao zake zina soko. Mkuyu msiuguse. Unazaa matunda mara kadhaa kwa mwaka, na shore na wenzake wakishiba tini hapo hawana haraka na mapera yenu. Karibu kila aina ya mkuyu, kwa taarifa yako tu, ina kinyigu chake maalumu kinachoingia ndani ya tini kuichavusha. Hilo halikuongezei gunia, nimelisema kwa sababu linanifurahisha.

Mwambie baba watoto ninakubaliana naye kwamba jambo lifanyike, na kazi zipo: kupogoa mwezi huu, mfuga nyuki aje kabla miparachichi haijachanua, alizeti ihamie juu msimu ujao. Kama msumeno tayari ameuazima kwa jirani, autumie kwenye matawi ya chini ya migrevilea. Na mbuzi waliobaki wahamishieni upande wa nyumba leo hii, msimsubiri mwenye mizinga.